Abu Bakr ar-Razi, Mganga Mkuu wa Rayy na Baghdad

Kila nyumba ya wagonjwa ina mkuu wake, na kila mkuu ana kazi aliyoifanya kabla ya kukaa katika kiti kile. Katika nchi za Mashariki, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, palikuwa na koo zilizorithishana utabibu kutoka kwa baba hata kwa mwana, zikakaa karibu na milango ya makhalifa kwa vizazi vingi. Mashuhuri katika hizo ni ukoo wa Bukhtishu, Wakristo wa Jundishapur, ambao walianza kuwatibu makhalifa wa Baghdad katika karne ya nane. Mtoto wa ukoo kama ule alizikuta dawa, vitabu na heshima nyumbani kwao.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi hakuzaliwa katika ukoo huo wala mfano wake. Kabla ya kuwa tabibu alifanya kazi nyingine, tena si kazi moja, na umri ulikuwa umekwenda alipoishika elimu ya tiba. Hata hivyo ndiye aliyekabidhiwa bimaristani ya mji wake, kisha ya Baghdad, uliokuwa mji mkuu wa dola. Maisha yake yafaa kusomwa na kila jamii inayotaka kujua ni nani wa kukabidhiwa afya za watu wake: aliyezaliwa katika jina kubwa, au aliyejifunza kazi hata akaijua.

KUZALIWA KWAKE

Alizaliwa katika mji wa Rayy mwezi mosi Shaaban mwaka 251 Hijria, sawa na Agosti 865. Tarehe hii imeandikwa na al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa Khwarazm, ambaye baadaye alitunga kitabu kizima cha kuorodhesha vitabu vya ar-Razi. Magofu ya Rayy yapo mpaka leo upande wa kusini wa Tehran, mji mkuu wa Iran. Siku hizo Rayy ulikuwa mji wa biashara, umekaa juu ya njia kuu itokayo Baghdad kwenda Khurasan na nchi za mbali za mashariki. Misafara ilipita hapo na hariri, na manukato, na dawa za miti, na watu wa kila lugha.

Mtu wa Rayy huitwa ar-Razi, na kwa sababu hiyo jina hili lina watu wengi. Msomaji asimchanganye tabibu huyu na Fakhruddin ar-Razi, mwenye tafsiri kubwa ya Qurani, ambaye naye asili yake ni Rayy lakini alifariki mwaka 606 Hijria, karibu miaka 300 baada ya huyu. Watu wa Ulaya walimwita tabibu huyu Rhazes, na kwa jina hilo walimsoma katika vyuo vyao kwa karne nyingi.

KAZI ZAKE ZA KWANZA

Waandishi wa tarihi hawakuafikiana juu ya kazi aliyoanza nayo. Ibn Khallikan anasimulia ya kuwa katika ujana wake alikuwa mpiga udi na mwimbaji, na ndevu zilipomwota akaona kuimba hakumpendezi tena mtu mzima, akaacha. Ibn Abi Usaybia, aliyeandika habari za matabibu katika karne ya 13, asema aliiona nakala ya zamani ya kitabu cha ar-Razi ambayo juu yake ameitwa as-Sayrafi, yaani mbadili fedha. Katika mji wa biashara kama Rayy, ambamo dirhamu na dinari za nchi mbalimbali zilikutana, mbadili fedha alikuwa mtu wa mizani na wa jicho kali: akikosea uzito au akidanganyika kwa fedha bandia, hasara ni yake.

Kazi ya tatu haina shaka yoyote, maana vitabu alivyoitungia vimebaki. Nayo ni al-kimiya. Watu wa elimu hiyo walitaka kuzigeuza madini duni kuwa dhahabu, na dhahabu hiyo hawakuipata. Lakini ar-Razi aliishika kazi hiyo kwa namna yake. Katika Kitab al-Asrar amevipanga vitu mafungu mafungu, vitokavyo katika ardhi, vitokavyo katika mimea, na vitokavyo katika wanyama. Akaeleza vyombo vya kazi kimoja kimoja: tanuri, mivukuto, vyungu vya kuyeyushia, chupa za kuvukizia na za kuchujia. Akaeleza pia kitu gani kinafanyiwa nini, na kinageuka vipi. Mtu aliyefanya kazi ile miaka mingi alizoea kupima, kungoja, na kuandika alichokiona. Wako wasemao kuwa moshi na mvuke wa dawa zile ndio ulioyaharibu macho yake, na ndiyo sababu akaanza kuwatafuta matabibu.

KUINGIA KWAKE KATIKA UTABIBU

Yasimuliwa ya kwamba alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30 alipokwenda Baghdad. Huko aliingia katika bimaristani kutazama tu, akamkuta mzee mmoja mtengeneza dawa. Akamwuliza habari za dawa, ni nani aliyezigundua kwanza, na zilijulikanaje kuwa zafaa. Mzee akamsimulia. Akarudi tena siku nyingine, akaona mambo mengine yaliyomshangaza, na hakuacha kuuliza mpaka elimu ile ikamtia mkononi.

Katika vitabu vingi imeandikwa kuwa mwalimu wake alikuwa Ali bin Rabban at-Tabari, mtunzi wa Firdaws al-Hikma. Hesabu ya miaka haikubali jambo hilo, kwa maana at-Tabari alikuwa mzee tangu ar-Razi hajazaliwa au akiwa mtoto mchanga. Lililo wazi ni kwamba alisoma vitabu vya Wayunani, hasa vya Bukrati na Jalinusi, ambavyo Hunayn bin Ishaq na wenziwe walikuwa wamekwisha vigeuza kwa Kiarabu. Hunayn alifariki mwaka 873, kwa hivyo ar-Razi alikuta hazina imekwisha funguliwa. Alivisoma kwa bidii ya mtu aliyechelewa kuanza.

UKUU WA BIMARISTANI

Neno bimaristani ni la Kiajemi, maana yake mahali pa wagonjwa. Bimaristani haikuwa nyumba ya tabibu mmoja anayeuza dawa zake. Ilikuwa nyumba ya umma, iliyogharamiwa na hazina ya dola au kwa mali ya wakfu, na mgonjwa alitibiwa humo hata kama hana kitu. Palikuwa na matabibu, wahudumu wa wagonjwa, na watengeneza dawa, na wagonjwa wa akili nao walipewa mahali pao. Aliyewekwa mkuu wa nyumba kama hiyo alitakiwa awe tabibu, tena awe msimamizi wa watu na wa mali.

Ar-Razi alianza kuwa mkuu wa bimaristani ya Rayy. Kisha akaitwa Baghdad, akawa mkuu wa bimaristani huko katika zama za Khalifa al-Muktafi, aliyetawala tangu 902 hata 908. Baadaye alirudi Rayy. Mmoja wa maliwali wa Rayy katika zama zake alikuwa Mansur bin Ishaq, wa ukoo wa Wasamani, na ar-Razi alimtungia kitabu cha tiba chenye sehemu kumi kilichoitwa, kwa jina lake, al-Mansuri.

Iko hadithi moja inayosimuliwa kila anapotajwa. Wasema kuwa alipotakiwa achague mahali pa kujenga bimaristani mpya ya Baghdad, aliamuru vipande vya nyama vitundikwe katika pande zote za mji, na pale ambapo nyama ilikawia kuoza ndipo akasema pajengwe. Hadithi hii ni tamu, lakini wengi huinasibisha na bimaristani ya Adud ad-Dawla, iliyofunguliwa mwaka 372 Hijria, sawa na 982, na siku hizo ar-Razi alikuwa amekwisha fariki zaidi ya miaka 50. Ibn Abi Usaybia mwenyewe aliliona kosa hilo la miaka. Pengine jambo hilo lilitokea kwa jengo jingine, au pengine watu walimpa ar-Razi hadithi iliyomfaa. Hata hivyo hakuna haja ya kuitegemea, kwa sababu kazi zake zilizothibiti zatosha.

DARASA LAKE

Ibn an-Nadim, mwuza vitabu wa Baghdad aliyeandika katika karne hiyo hiyo ya kumi, alizipata habari za ar-Razi kutoka kwa mzee mmoja wa Rayy. Mzee huyo alimweleza kuwa ni mtu mwenye kichwa kikubwa mfano wa kikapu. Alipokaa barazani, mbele yake walikaa wanafunzi wake wakubwa, nyuma ya hao wakakaa wanafunzi wa wanafunzi wake, na nyuma yao wengine tena. Mgonjwa alipokuja, alieleza ugonjwa wake kwa wale wa nje kwanza. Wakiwa wanalo jawabu, walimjibu. Wakishindwa, alipelekwa kwa duru ya pili, na wale wakishindwa ndipo ar-Razi mwenyewe aliposema.

Utaratibu huu ulikuwa na faida mbili. Mwanafunzi alilazimika kumtazama mgonjwa wa kweli na kusema neno mbele ya wenziwe, si kuhifadhi kitabu tu. Na mkuu hakupoteza muda wake kwa kikohozi cha kawaida, bali aliwekewa yale magumu. Wenye kuingia katika hospitali za kufundishia za leo, na kuwaona wanafunzi wamezunguka kitanda cha mgonjwa, wakiulizwa mdogo kabla ya mkubwa, wataijua sura hiyo.

Mzee huyo wa Rayy alisema pia kuwa ar-Razi alikuwa karimu na mwenye huruma kwa masikini, akiwapa posho na kuwauguza. Na kila alipoingiliwa alionekana anaandika, ama ananakili kitabu, ama anaandika rasimu yake.

HABARI ZA WAGONJWA

Kuandika huko ndiko kulikomtofautisha na wengi. Wanafunzi wake walikusanya habari za wagonjwa aliowatibu, zipatazo 900, katika kitabu kiitwacho Kitab at-Tajarib. Na katika makaratasi yake mwenyewe yamekutwa maelezo ya wagonjwa, kwa majina yao, jinsi ugonjwa ulivyoanza, dawa aliyoitoa, na mwisho wake.

Mmoja wao ni Abdallah bin Sawada. Mtu huyu alishikwa na homa za vipindi, mara ya kila siku, mara ya siku ya tatu, mara ya siku ya nne, na kabla ya homa hutetemeka kidogo na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Ar-Razi aliona kuwa ama homa hizo zitageuka kuwa homa ya siku ya nne, ama kuna jipu katika figo. Haukupita muda mrefu mgonjwa akatoa usaha katika mkojo, ikajulikana kuwa ni figo. Tabibu mwingine angejisifu hapo kwamba alibashiri. Yeye aliandika yale aliyoyaacha: kwamba hakumwuliza mgonjwa kama anahisi uzito kiunoni anaposimama, na kwamba wingi wa kwenda haja ndogo ulifaa kumzidishia shaka ya figo mapema. Mkuu wa bimaristani aliandika upungufu wake ili wanafunzi waliosoma chini yake wasiurudie.

Tena kuna habari ya homa kali ya ubongo, waliyoiita sirsam. Matabibu wa siku zile walitoa damu mshipani kwa magonjwa mengi, na ar-Razi naye aliamini hivyo. Lakini alitaka kujua kama kweli yafaa. Akawatoa damu kundi moja la wagonjwa walioonyesha dalili za kwanza, na kundi jingine akawaacha makusudi bila ya kuwatoa, apate kulinganisha. Aliandika kuwa wale aliowaacha ndio walioshikwa na sirsam. Leo yajulikana kuwa kutoa damu si dawa ya maradhi hayo, na tabibu wa leo asingefuata hukumu yake. Lakini njia ya kulinganisha kundi na kundi, badala ya kutegemea jina la aliyesema, ndiyo inayotumika hata sasa dawa mpya inapopimwa.

Kwa njia hiyo hiyo alithubutu kumkosoa Jalinusi. Alitunga kitabu cha shaka zake juu ya Jalinusi, na katika hoja zake alitaja wagonjwa aliowaona katika bimaristani za Baghdad na Rayy, ambao homa zao hazikwenda kama kitabu kilivyosema. Hakumdharau. Alikiri kuwa Jalinusi ni mwalimu wake na mwenye fadhila kubwa juu yake, lakini aliona kuwa haki ya mwalimu haiondoi haki ya ukweli.

NDUI NA SURUA

Kitabu chake kilichoenea kuliko vyote ni kidogo, nacho chahusu ndui na surua. Kabla yake magonjwa haya mawili yalitajwa pamoja, na watu wengi hawakuyapambanua. Ar-Razi aliyaeleza dalili zake moja moja: kwamba maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, na kwamba dhiki ya moyo na kichefuchefu huzidi katika surua. Alieleza vipele vya ndui vyenye matumaini na vile vya hatari, akatilia mkazo sana kuyahifadhi macho ya mgonjwa, kwa sababu ndui iliwapofusha wengi walioponyoka kufa.

Sababu ya ugonjwa hakuijua. Alidhani ni damu ya mtoto inayochemka kama maji ya zabibu yanapochacha, wala hakusema kuwa ugonjwa huambukizwa kutoka mtu hata mtu. Kosa hili halikuharibu maelezo yake ya dalili, kwani aliyaandika aliyoyaona kwa macho. Kitabu hicho kilitiwa katika Kilatini na kupigwa chapa Venice mwaka 1498, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1848.

Watu wa Afrika ya Mashariki wana sababu yao ya kuikumbuka kazi hii. Mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida aliugua mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977, naye akapona. Tarehe 8 Mei 1980, Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imekwisha ulimwenguni. Chanjo ndiyo iliyoimaliza, na chanjo hakuijua ar-Razi. Lakini wale waliokwenda kijiji kwa kijiji kuitafuta ndui walihitaji kwanza kujua kuipambanua na maradhi mengine ya vipele, nayo ndiyo kazi aliyoianza yeye.

KITABU CHA MASIKINI, NA WAGANGA WA UONGO

Mkuu wa bimaristani anaweza kusahau kuwa watu wengi hawaifikii bimaristani yake. Ar-Razi hakusahau. Alitunga kitabu kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu naye, akitaja dawa zinazopatikana sokoni na jikoni, ili msafiri na mtu wa shamba ajue la kufanya. Kitabu hicho wengine walikiita Tiba ya Masikini.

Katika al-Mansuri alifichua hila za waganga wa uongo. Wako waliodai kutoa vidudu katika meno au masikioni, na kumbe vidudu wamekuja navyo. Wengine walijidai kumtoa chura chini ya ulimi wa mgonjwa. Wengine walitia mfupa ndani ya jeraha kisha wakautoa mbele ya watu, wapate kuonekana mabingwa. Hila hizi hazikufa pamoja na waliozizua, na msomaji yeyote aliyekaa katika nchi hizi amekwisha sikia za namna hiyo.

Lakini ar-Razi hakuishia kuwalaumu laghai. Alijiuliza pia kwa nini watu huwaacha matabibu hodari wakawafuata wasiojua, akaandika risala juu ya jambo hilo. Katika nyingine alieleza kuwa tabibu hodari si yule awezaye kuponya kila ugonjwa, kwa maana hakuna awezaye. Tabibu anayekiri mpaka wa elimu yake hupoteza wateja kwa yule anayeahidi kila kitu. Ar-Razi alikubali hasara hiyo.

YALIYOSEMWA DHIDI YAKE

Si haki kumsifu mtu na kuficha yaliyosemwa dhidi yake. Mbali na tiba, ar-Razi aliandika katika falsafa, na humo alinasibishiwa maneno juu ya utume na dini ambayo wanachuoni wa Kiislamu waliyakataa. Abu Hatim ar-Razi, wa mji wake mwenyewe na wa madhehebu ya Kiismaili, alijadiliana naye na kuandika kitabu cha kumjibu, na sehemu kubwa ya maneno hayo imejulikana kwa kupitia kitabu hicho cha mpinzani. Al-Biruni naye, aliyeviorodhesha vitabu vyake 184, alimlaumu katika mambo ya dini. Umma wa Kiislamu ulipokea tiba yake, ukairudisha falsafa yake. Matabibu Waislamu, Wakristo na Wayahudi walimsoma bila ya kulazimika kumfuata katika yote.

Pamoja na hayo, katika kitabu chake at-Tibb ar-Ruhani, alichomtungia pia Mansur bin Ishaq, kuna shauri linalowafaa wakubwa wa kila kazi. Alisema kuwa mtu hazioni aibu zake mwenyewe, kwa sababu anajipenda. Kwa hivyo na amtafute rafiki mwenye akili aliye karibu naye, amsihi amwambie aibu zake bila ya kumwonea haya, na akiambiwa asikasirike, bali afurahi.

MWISHO WAKE

Katika risala aliyoiandika kuitetea njia yake ya maisha, ar-Razi alieleza kuwa kwa miaka 15 alikuwa katika kazi ya kitabu chake kikubwa, usiku na mchana, mpaka nguvu ya macho yake ikapungua na misuli ya mkono wake ikaharibika, hata akawa anawaomba wengine wamsomee na wamwandikie. Mwishoni akapofuka kabisa. Yasimuliwa kuwa aliletewa tabibu wa macho amtibu kwa kisu, akakataa, akaona kuwa amekwisha uona ulimwengu kiasi cha kumtosha. Alifariki katika mji wake wa Rayy mwezi tano Shaaban mwaka 313 Hijria, sawa na Oktoba 925, akiwa na umri wa miaka 60 kwa hesabu ya jua.

Makaratasi yake yalibaki kwa dada yake. Ibn al-Amid, waziri wa Rukn ad-Dawla, aliyajua thamani yake. Akayanunua kwa dada huyo kwa mali nyingi, akawakusanya wanafunzi wa ar-Razi waliokuwa hai, wakayapanga. Hivyo ndivyo kilivyopatikana al-Hawi, kitabu kikubwa ajabu, ambacho chini ya kila ugonjwa kina maneno ya Wayunani, ya Wahindi, ya Waajemi na ya Waarabu, kisha maoni ya ar-Razi mwenyewe na wagonjwa wake. Lau dada yake angeyatupa, au waziri angeyadharau, au wanafunzi wangegombana, kazi ya miaka ile yote ingepotea.

Faraj bin Salim, Myahudi wa Sicily, alikifasiri al-Hawi kwa Kilatini mwaka 1279 kwa amri ya Mfalme Charles wa Anjou, na kikapigwa chapa Brescia mwaka 1486. Sehemu ya tisa ya al-Mansuri, iliyofasiriwa na Gerard wa Cremona mjini Toledo katika karne ya 12, ilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa miaka mamia.

KUPIMWA KWA MATABIBU

Ar-Razi alikuwa ameandika juu ya namna ya kumpima tabibu. Alitaka ajulikane kama amevisoma vitabu vya waliotangulia, na pia kama amekaa na wagonjwa wengi katika miji yenye bimaristani. Aliyesoma bila ya kuona wagonjwa hakumtosheleza, na aliyeona wagonjwa bila ya kusoma hakumtosheleza vilevile. Hakuuliza baba yake tabibu huyo alikuwa nani.

Mwaka 931, miaka sita baada ya kufa kwake, mtu mmoja alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru kuwa asitibu mtu yeyote katika mji mpaka apimwe na Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu wa zama hizo. Sinan alikuwa mwana wa Thabit bin Qurra, mwanahesabu na tabibu mashuhuri, naye alitoka katika nyumba ya elimu. Watu zaidi ya 860 walikwenda kupimwa. Sinan huyo huyo, kwa amri ya Waziri Ali bin Isa, aliwapeleka matabibu katika magereza kila siku, na wengine akawatuma na dawa zao katika vijiji vya Sawad ambavyo havikuwa na tabibu.

Basi wakuu hao wawili walitoka mahali mbalimbali. Mmoja alikuwa mtoto wa mwanachuoni, na mwingine alianza na udi na tanuri la kuyeyushia madini. Jamii zinazojenga zahanati zao leo, na kuwapeleka vijana wao kusomea utabibu na uuguzi, zitapata watoto wa namna zote mbili. Kijana wa nyumba isiyo na jina, au mtu mzima aliyeanza kazi nyingine kisha akataka kujifunza, asikatazwe mlango. Na atakayekabidhiwa wagonjwa, awe mtoto wa nani, aulizwe amesoma nini, ameuguza nani, na kama ameandika makosa yake.